Makonyo, mkondo na damu: kitenzi "stem" na ndugu zake

Zichukue sentensi mbili za Kiingereza. Ya kwanza: "The women stem the cloves before drying them." Ya pili: "The government wants to stem the flow of cloves to Mombasa." Kitenzi ni kimoja, zao ni moja, na kisiwa kinachosemwa ni kimoja, Pemba. Katika ya kwanza wanawake wamekaa juu ya jamvi wanachambua karafuu. Katika ya pili Serikali inapambana na magendo. Mfasiri aliyezoea kwamba "stem" ni "kuzuia" ataandika kwamba wanawake wanazuia karafuu kabla ya kuzianika, na msomaji wa Wete au Mkoani atabaki kujiuliza wanawazuilia nani.

Kuchambua kunajulikana na kila mtoto aliyekulia shambani. Shada la karafuu mbichi hushikwa kwa mkono mmoja, karafuu zikasukumwa kwa kiganja au dole gumba hadi zikang'oka, kisha karafuu zikaenda upande huu na makonyo upande ule. Karafuu huanikwa juani siku nne au tano. Makonyo nayo hukaushwa, kwa kuwa yana mafuta, ingawa machache kuliko ya karafuu yenyewe. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua kwa mvuke. Kwa Kiingereza makonyo huitwa "clove stems", na kutoka jina hilo la sehemu ya mmea kikaja kitenzi: "to stem" ni kukitoa kitu kikonyo chake. Jikoni kitenzi hichohicho hutumika kwa pilipili, uyoga na zabibu. Tafsiri yake ni "toa vikonyo" au "chambua", na hapo kazi imekwisha.

"Stem" ya magendo ni neno jengine kabisa, lililofanana na hilo kwa sauti tu.

Maneno mawili yaliyovaa kanzu moja

"Stem" ya shina na kikonyo ni Kiingereza cha kale. Tangu mwanzo neno hilo lilikuwa na maana ya shina la mti, na pia ya gogo lililosimama kwenye ncha ya chombo cha baharini. "Stem" ya kuzuia imetokana na "stemma" ya Kinorsi, lugha ya watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 na baadaye wakahamia huko, na maana yake ilikuwa kuyawekea maji kizuizi. Kijerumani kina ndugu yake, "stemmen", yaani kujikaza dhidi ya kitu au kukisukuma kwa nguvu. Hata "stammer", kigugumizi, wanalihesabu katika ukoo huo: maneno yanataka kutoka, yanakwama.

Kwa hiyo picha iliyomo ndani ya "stem" ya kuzuia ni mtu aliyejitia mbele ya kitu kinachomiminika na kukipinga. Picha hiyo huja na masharti ambayo kamusi nyingi za lugha mbili hazina nafasi ya kuyaeleza.

Kwanza, kitu lazima kiwe kimeshaanza kwenda. Kama maradhi hayajaingia kisiwani na unataka yasiingie, Kiingereza hutumia "prevent". Yakiingia na yakawa yanatoka shehia hii kwenda ile, hapo ndipo "stem the spread" inapofaa. Kiswahili huyabeba yote mawili kwa "zuia", na mara nyingi hakuna dhara. Lakini kwenye ripoti ya afya tofauti hiyo ni kubwa, na njia nyepesi ya kuilinda ni kuandika "kuzuia yasiingie" kwa la kwanza na "kuzuia yasiendelee kuenea" kwa la pili. Hiyo "-si-" ndiyo inayofanya kazi yote.

Pili, kinachozuiwa huwa kibaya machoni mwa anayesema: damu, hasara, magendo, uvujaji, wizi, wataalamu wanaokimbilia nchi za nje. Sharti hili ndilo linalowaangusha waandishi wa mambo ya utalii. Mtu anataka kusema kwamba idadi ya wageni wanaozamia kwenye miamba ya Mnemba ipangwe vizuri, anaandika "stem the flow of tourists", na msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba watalii ni balaa linalotakiwa kukomeshwa. "Manage" au "limit" ingetosha. Sharti hilohilo linafaa kukumbukwa unaposoma habari za nje zinazosema "stem the flow of migrants". Mwandishi ameshatoa hukumu ndani ya kitenzi kabla hajakupa habari yenyewe, na mfasiri ana haki ya kujiuliza kama na yeye atie saini hukumu hiyo.

Tatu, "stem" haiahidi kwamba kitu kimekoma. Hoteli ikipunguza wafanyakazi "to stem its losses", huenda bado inapata hasara, ila isizidi. "Kukomesha hasara" ni tafsiri inayosema kuliko ilivyosemwa. "Kupunguza hasara" au "hasara isizidi" iko karibu zaidi. Wakiwa na hakika kwamba kitu kimekwisha, wenyewe husema "stop" au "end".

Na jambo la nne, dogo lakini linaloonekana kila siku kwenye mitihani: kitenzi hiki kinataka kitendwa, na kitendwa hicho ni mmiminiko au ongezeko, hakiwi mtu. Huwezi "stem a thief". Unaweza "stem theft".

Kamba na ukuta

Ugumu wa kukifasiri kitenzi hiki unatokana na namna Kiswahili kinavyouona mmiminiko. Mwingereza akiona kitu kinamiminika anafikiri juu ya ukuta wa kukipinga. Sisi, mara nyingi, tunaona kamba. Maji yamekatika. Umeme umekatika. Mvua imekatika. Damu imekatika. Pumzi zinakatika. Hata kiu hukatwa. Kitu kinachotiririka ni uzi mmoja mrefu, na kikikoma ni kwamba uzi umekatika mahali fulani.

Lakini "katika" haimtaji aliyekata. Ukisema "maji yamekatika" hakuna wa kulaumiwa, na pengine ndiyo maana kauli hiyo inapendwa sana. "Stem" daima ina mtu na jitihada yake. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza isemayo "the nurse stemmed the bleeding" haitoshi kuwa "damu ilikatika". Muuguzi amepotea humo. "Muuguzi aliizuia damu" ni sahihi, na "aliibana mpaka ikakatika" ni nzuri zaidi, kwani inaonesha jitihada na pia mwisho wake.

Pale ambapo kweli pana ukuta, Kiswahili kina vitenzi tele, na kila kimoja kina mahali pake. Tundu, ufa na mwanya huzibwa. Mwendo huzuiwa. Maji ya chumvi yanayopanda kwenye mabonde ya mpunga Pemba hukingwa kwa matuta na kwa mikoko iliyopandwa pwani, na hapo kauli ya asili ni "kuyakinga maji yasiingie bondeni". Mfereji hufungwa, na Unguja mfereji ni huu wa ukutani utoao maji, wenye kiguu cha kuzungusha. Mgeni wa bara akiambiwa "nenda kafunge mfereji" huenda akaanza kutafuta jembe. Kiingereza nacho hakitumii "stem" kwa mfereji ulio mzima; husema "turn off". Bomba likipasuka barabarani na mafundi wakawa wanahangaika nalo kwa mipira na vitambaa, hapo "stem the leak" inakubalika, kwa sababu pana mapambano.

Ushauri wetu ni kutazama kwanza kinachotiririka, kisha mahali kizuizi kilipo. Ikiwa kizuizi kiko kwenye tundu, andika "ziba". Ikiwa kiko njiani, andika "zuia" au "kinga", ukifuatishia kitenzi chenye "-si-". Ikiwa kinachozuiwa ni tabia au biashara mbaya, "dhibiti" na "punguza" hufaa kuliko "zuia", maana magendo ya karafuu hayana tundu la kuziba. Yana bandari bubu nyingi na usiku mrefu.

"Stem the tide" na nahodha

Kauli inayotafsiriwa vibaya kuliko zote ni "stem the tide". Magazeti yameizoea kuwa "kuzuia wimbi". "Wimbi" hapo si "tide". "Tide" ni maji kujaa na kupwa, na mtu wa visiwani ana maneno yake kamili: bamvua maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo na mpevu, maji mafu yanapokuwa madogo. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani ya Unguja hufikia kiasi cha mita 4. Hakuna anayeyazuia hayo. Ndiyo maana Kiingereza kinaitumia kauli hii kwa jambo kubwa linaloelekea kumshinda mtu nguvu, na "kuzuia wimbi" hupoteza ukubwa huo. Kwa habari za kawaida, "stem the tide of plastic waste" ni "kupunguza taka za plastiki zinazozidi kuzagaa". Bahari haina haja ya kuingizwa.

Bado pana fundo jengine. Mabaharia wa Kiingereza wana "stem the tide" yao, na haihusu kuzuia hata kidogo. Inatoka kwenye lile gogo la mbele ya chombo, ambalo sisi tunaliita hanamu. Chombo "kinachostemu" mkondo kimeuelekezea hanamu na kinasonga mbele dhidi yake. Mfano wa hesabu: mashua inakata maji kwa mwendo wa maili 3 za bahari kwa saa, na mkondo unaikabili kwa maili 2. Kwa mtu aliyesimama ufukweni, mashua inakwenda maili 1 tu kwa saa, lakini inakwenda. Mkondo ukifika maili 3, omo, yaani mbele ya chombo, inakata maji, povu linaruka, tanga limejaa, na mnazi uliokuwa ubavuni saa moja iliyopita bado uko palepale. Wenyewe wataendelea kusema kwamba chombo "is just stemming the tide". Ukizidi hapo chombo kinarudi nyuma huku kikionekana kinakwenda, na nahodha mwenye akili atatia nanga asubiri maji yageuke.

Mfasiri anawatenganishaje? Aangalie mtenda. Akiwa ni chombo au mwogeleaji, maana ni "kukabili mkondo" au "kwenda dhidi ya mkondo". Akiwa ni wizara, benki au daktari, maana ni kuzuia. Wapo waandishi wa Kiingereza waliozichanganya maana hizi mbili, kwa kuwa zote zinaishia kwenye neno "tide" na zote zinahusu kupingana na maji, na hapo hata wenye lugha hawawezi kukuapia ipi ni ipi.

Hanamu hiyohiyo ndiyo iliyomo katika "from stem to stern". Hii ni zawadi kwa mfasiri wa Kizanzibari, kwani Kiswahili kina jozi yake tayari: tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo, mbele yake. Gari lililokaguliwa "from stem to stern" limekaguliwa tangu omo hadi tezi. Asiyejua bahari atakuelewa kwa muktadha, na anayejua atafurahi.

"Stem from"

Hii ni nyepesi. Ukiona "from" mara tu baada ya kitenzi, maana ni "kutokana na": "The problem stems from poor drainage" ni "tatizo linatokana na mitaro mibovu". Imetoka kwenye shina la mti, na ilianza kuenea Marekani katika karne ya 20. Haina kitendwa wala kauli ya kutendwa, kwa hiyo "is stemmed from" ni kosa, ingawa utaikuta kwenye tasnifu nyingi. "STEM" ya herufi kubwa ni ufupisho wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati na haimo katika ukoo wowote kati ya hizi.

"Stanch" na "staunch"

Ndugu wa karibu wa "stem" kwa maana, na pengine mkubwa wake katika mambo ya damu, ni "stanch". Huandikwa pia "staunch". Wamarekani hupendelea "stanch" kwa kitenzi na "staunch" kwa kivumishi. Waingereza wengi hutumia "staunch" kwa vyote viwili. Chagua mtindo mmoja uufuate hadi mwisho wa andiko. Neno liliingia kutoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa cha leo bado kinalo: "étancher la soif" ni kukata kiu.

Kivumishi "staunch" leo ni mtu asiyeyumba, "a staunch supporter", na sisi tunasema mfuasi kindakindaki. Mwanzoni lakini lilikuwa neno la chombo: "a staunch ship" ni chombo kisichovuja. Anayetaka kuona maana hiyo kwa macho aende Nungwi, ambako bado majahazi na ngalawa hutengenezwa ufukweni. Fundi akishapigilia mbao, baina yake hubaki nyufa nyembamba. Pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta hushindiliwa ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, bila kuacha pengo. Hiyo ndiyo kalafati. Sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake hukutangulia kukujulisha kwamba umefika. Pamba ikishindiliwa kidogo, maji huingia ubao ukianza kucheza baharini. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikivimba kwa maji husukumana na misumari hulegea. Chombo kilichokalafatiwa sawasawa hakiwachoshi mabaharia kukumba maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Kutoka chombo kama hicho hadi rafiki wa kutegemewa, safari ya maana ilikuwa fupi.

Kwa wanaopenda nasaba: neno "tank", lililotupa "tangi" letu la maji juu ya paa, linagombaniwa na pande mbili. Wapo wanaolipeleka kwenye Kigujarati, na wapo wanaolihusisha na "tanque" ya Kireno, ambayo ni ya ukoo mmoja na "stanch": maji yaliyozuiwa yakakaa. Lugha zote mbili ziliwahi kusikika Mji Mkongwe muda mrefu kabla ya tangi la plastiki.

Kazi kubwa ya "stanch" ni damu, na hapa tafsiri mbovu inaweza kumdhuru mtu. Kiingereza husema "stanch the blood" na "stanch the wound" kwa jambo moja. Kiswahili hakikubali: jeraha hufungwa, damu huzuiwa. Maelekezo ya huduma ya kwanza yakisema "apply pressure to stanch the bleeding", yaandike kama kitendo anachoweza kukifanya mtu aliyetaharuki. Weka kitambaa safi juu ya jeraha. Kandamiza kwa kiganja bila kuachia kwa dakika 10. Usichungulie, kwani kila ukichungulia unaibandua damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza chengine juu yake na uzidishe mkandamizo. Damu ya mkono au mguu ikiwa bado inaruka, funga mkanda mpana uubane, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kiwiliwili, usiwe kwenye kiungo, andika saa uliyofunga na umpeleke mtu hospitali.

Damu ya puani ina kosa lake maarufu, la kumlaza mtu chali au kumwinua kichwa juu. Damu haijazuiwa hapo; imebadilisha njia, inashuka kooni na baadaye mtu hutapika. Akae, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo na ateme damu inayomfikia. Ikipita nusu saa haijakatika, ni kazi ya hospitali.

Neno la mwisho ni kwa wanaoandika karatasi za maelekezo ya dawa. "Dawa ya kuzuia damu" ni kauli isiyofaa kuandikwa peke yake, kwa sababu inaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana. Ipo dawa inayosaidia damu ikatike, anayopewa mtu anayevuja. Na ipo dawa inayozuia damu isigande, anayopewa mwenye hatari ya kuziba kwa mishipa, na huyo akijikata kisu jikoni damu yake huchelewa kukatika. Ya kwanza iandikwe "ya kuzuia damu isitoke" na ya pili "ya kuzuia damu isigande", kitenzi cha pili kikitajwa kikamilifu kila mara, hata kama mstari utakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo kwenye lebo.